Santuri ya Kobe

Shemeji hakupiga hodi. Hakuwahi kupiga hodi tangu dada yake aolewe na Fundi, na kifo cha dada yake hakikumfundisha adabu mpya. Aliingia karakanani moja kwa moja, akalisukuma kwa mguu gunia la sponji chakavu, akajitupa kwenye kochi la mteja ambalo Fundi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulivika kitambaa.

"Inuka hapo," Fundi alisema. Maneno yalimtoka pembeni mwa mdomo, kwa maana mdomo wenyewe ulijaa misumari midogo. Ndivyo wanavyofanya kazi watengeneza makochi: misumari inakaa mdomoni, ulimi unaisukuma mmoja mmoja, mkono wa kushoto unaupokea, wa kulia unagonga. Mtu wa kazi hiyo hujifunza kunyamaza mapema.

"Shemeji nawe! Kochi si la kukaliwa?"

"La kukaliwa na mwenyewe."

"Haya, mwenyewe akija nitamwambia nilikuwa nalipasha joto." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Nimetumwa. Meneja wetu kiwandani anastaafu mwisho wa mwezi. Anasema, kama si taabu, anaomba santuri yake."

Fundi aliacha nyundo ikae hewani. "Santuri gani?"

"Ile ya kobe. Aliyomwazima dada."

Fundi akakinga kiganja chini ya kidevu, akaitema misumari yote. Aliitazama ilivyolowa mate kana kwamba ndiyo iliyoleta ile habari.

"Ile santuri ilikuja na gramafoni," alisema. "Alirithi kwa mjomba wenu."

"Gramafoni ndiyo. Mjomba yupi yule wa kusikiliza mambo yale? Mjomba alikuwa na santuri za kwaya tu. Ile ya kobe alipewa kiwandani, nakumbuka siku aliyotoka nayo getini ameificha ndani ya koti, mlinzi akadhani kaiba kitambaa." Shemeji alimwangalia vizuri. "Ina maana hukujua?"

"Nilijua," alisema Fundi.

Hakujua. Miaka yote ile hakujua.

Sasa lazima isemwe santuri yenyewe ilikuwa nini. Ulikuwa muziki wa roki, lakini si ile roki ya vijana kurukaruka na kutikisa nywele. Hii ilikuwa ya watu waliosomea muziki mpaka wakapitiliza. Upande mzima wa kwanza ulikuwa wimbo mmoja. Upande wa pili una nyimbo mbili, na hata hizo hujui moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya kobe mkubwa anatembea jangwani, amebeba mgongoni nyumba ya ghorofa, na dirisha moja la nyumba hiyo linatoa moshi. Jina la albamu liliandikwa kwa lugha ya wenyewe, kwa herufi zilizopinda kama mizizi, ambazo hata aliyesoma angepata tabu nazo, sembuse Fundi aliyeachia shule njiani. Nyumbani iliitwa Kobe tu. "Mume wangu, leo naweka Kobe." Na ikishawekwa, nyumba nzima ilitakiwa kufa ganzi.

Ilikuwa kila Jumamosi alasiri. Marehemu alirudi kutoka kiwandani, kwenye kazi yake ya kukagua mishono, akanawa vumbi la pamba usoni, akabeba kigoda chake kidogo. Nyumba ya fundi makochi haikosi pa kukaa, lakini yeye alitaka kigoda. Akakaa mbele ya gramafoni, akafumba macho. Nyuma ya pazia Fundi akiendelea kugonga, sauti ilikuja, ya upole lakini haina mjadala: "Mume wangu, nyundo."

Basi anaweka nyundo chini. Anakaa na misumari yake mdomoni upande mzima wa kwanza na upande mzima wa pili, anachungulia kwenye ufa wa pazia, anamwona mkewe anakwenda mahali ambapo yeye hakualikwa. Uso wake ulibadilika. Ulilegea, ukawa wa msichana. Kuna mahali alikuwa akitabasamu, na kuna mahali midomo ilimtetemeka. Fundi alimwoa mwanamke yule, alimjua mpaka kovu la goti, lakini uso ule hakuwahi kumletea yeye hata siku moja.

Siku moja alijipiga moyo konde akamwuliza. "Hivi humo ndani unasikia nini?"

Marehemu alifikiri sana, kwa haki kabisa alifikiri, kisha akasema, "Siwezi kukueleza."

Fundi aliyapokea hayo. Alijiambia kuna vitu havielezeki, kama jino linavyouma. Akaionea wivu sahani ya plastiki, akajiona mjinga, akaendelea kuionea wivu. Lakini ilikuwa sahani. Mtu anaweza kuishi na mke anayependa sahani. Leo shemeji amekuja kumwambia kwamba nyuma ya sahani alikuwepo mwanamume, tena mwanamume mwenye ofisi.

"Mwambie aje aichukue mwenyewe," alisema.

"Mzee wa watu ana magoti."

"Magoti yalikuwepo wakati wa kuazima?"

Shemeji akainuka, akalipangusa kochi kwa kiganja. "Shemeji, usiniambie unaona wivu. Dada yangu yuko chini ya udongo, Meneja ana kipara na sukari, halafu wewe unavimba kama andazi lenye hamira! Unamwonea wivu nani sasa, kobe?"

"Nenda zako kazini."

"Nakwenda. Ila usiivunje, nakujua." Alipofika mlangoni aligeuka, na safari hii hakuwa na utani. "Ni mali ya mtu, Shemeji."

Mali ya mtu. Fundi aliyarudia maneno hayo peke yake huku akiokota misumari. Wakubwa wa dunia hii kila kitu ni mali yao. Kiwanda chao, mashine zao, pumzi ya mkeo yao. Marehemu alifanya kazi katika vumbi la pamba mpaka kifua kikawa kinapiga filimbi usiku, na feni za kutoa vumbi zilikuwa zinakuja, zinakuja, bajeti ijayo zitakuja. Hospitalini nako daktari mkuu yuko mkutanoni. Wakamzika, na kiwanda kikaleta shada la maua lililoandikwa jina la kiwanda kwa herufi kubwa kuliko la marehemu. Sasa wamekumbuka na santuri.

Alasiri ile alifunga mlango wa karakana na kuiweka Kobe mwenyewe. Hakuiweka kwa mapenzi. Aliiweka kama askari anayepekua chumba cha mtu: alitaka kuona kama humo ndani mna alama za Meneja.

Ikaanza kwa kinanda, kile kinanda kizito cha kanisani, kikinguruma polepole kana kwamba kinaamka. Zikaja ngoma. Fundi alipenda muziki unaogongeka. Alikuwa na nyimbo zake za redioni ambazo nyundo na wimbo vilikwenda pamoja, kochi likaisha hujui limeishaje. Hii haigongeki. Ukishaipata hesabu yake, ukaanza kutikisa kichwa, wameibadilisha. Ukiipata ya pili wameibadilisha tena. Ni kama sheria za halmashauri ya mji, alifikiri, zinatungwa ili wewe uwe na makosa. Kisha gitaa likaanza kulalamika, likalalamika mpaka likasahau lilichokuwa linalalamikia. Halafu mwimbaji. Sauti nzito, ya mzee aliyechoka, anavuta kila neno kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Anaimba nini, Mungu ndiye ajuaye.

"Upuuzi," Fundi alikiambia kigoda kitupu.

Aligeuza upande wa pili kwa ubishi tu. Na hapo katikati, baada ya vurugu ya vyombo vyote kupigana kama walevi, vyote vikanyamaza ghafla. Ikabaki filimbi moja, na chini yake kinanda, mbali, kama mtu anatembea chumba cha juu asitake kukuamsha. Haikuwa ndefu. Lakini Fundi alijikuta ameshika kitambaa cha kochi kwa nguvu, na kifuani kitu kimefunguka ambacho hakutoa ruhusa kifunguliwe.

Akasimama akainyanyua sindano. Alikuwa na hasira. Kuichukia yote angeweza, hiyo ilikuwa kazi rahisi. Sasa wamemwekea hapo katikati kitu kizuri, kama mtu anayekutukana kutwa nzima halafu anakushika mkono. Na huyo Meneja alikisikia kwanza. Huyo Meneja ndiye aliyempa mkewe mahali pale, akamfungulia mlango, na yeye mume akaachwa nyuma ya pazia na misumari.

Usiku ule alilala akifikiria nini, isisemwe. Siku ya pili aliifunga santuri ndani ya kipande cha sponji, akaivika gunia, akaenda.

Nyumba ya Meneja haikuwa kubwa kama alivyotaka iwe. Ilikuwa na sebule ya kawaida, na seti ya makochi ambayo Fundi alipoitupia jicho mara moja tu alijua springi zimelala na anayeyakalia anaumia mgongo. Hilo lilimfariji kidogo. Mke wa Meneja alileta chai, akasema, "Pole sana, baba, kwa mama. Alikuwa mtu wa watu," kisha akaenda jikoni na kuacha mlango wazi.

Meneja alikuwa mfupi kuliko alivyokuwa kazini. Alipokea kile kifurushi kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, Fundi. Nilisita kuiulizia."

"Umeiulizia."

"Ndiyo. Nimeiulizia." Meneja alikohoa. "Karibu chai."

"Sikuja kunywa chai, mzee. Nimekuja kuuliza. Ulimpa ya nini mke wangu hii kitu?"

Meneja akaweka kikombe chini. "Nilikuwa na gramafoni ndogo stoo ya vitambaa. Saa ya chakula nikaiweka hii. Wasichana walikimbia wakicheka, wakasema Meneja amepagawa. Yeye alibaki mlangoni na kikombe chake mkononi. Ilipokwisha akaniuliza kama kuna upande wa pili, nikamwazima akausikie nyumbani."

"Na ikawa nini kati yenu?"

Kule jikoni sufuria zilinyamaza.

"Ilikuwa meza ya stoo," alisema Meneja taratibu, "na chakula chetu, yeye chake mimi changu, na karani wa stoo anasinzia pale pale. Tulikuwa tunazungumza habari za hii santuri. Ndicho kilichokuwepo, Fundi. Hakuna kingine. Mke wangu huyo hapo anasikia, nisingethubutu."

Na Fundi alimwamini. Hapo ndipo ilipouma. Kama ingekuwa dhambi, dhambi angeijua namna ya kuishika: angepiga meza, angetukana, angerudi nyumbani na haki yake. Lakini mtu anashitaki vipi kwamba mkewe alikuwa na mtu wa kuzungumza naye?

Akatafuta kosa jingine, na hilo halikuwa mbali.

"Ungenunua feni," alisema. "Badala ya kuazima santuri, ungenunua feni. Leo angekuwa hai, mngezungumza mpaka mchoke."

Meneja aliinamisha kichwa. "Niliandika kwa wakubwa. Zaidi ya mara moja."

"Na wakubwa wako nao wana wakubwa wao, siyo?"

"Ndiyo."

"Na wa mwisho kabisa huko juu ni nani? Kobe?"

Labda kwa kukosa la kufanya, labda kwa haya, Meneja aliifungua santuri, akaifuta kwa kitambaa laini, akaiweka kwenye mashine yake, mashine nzuri, nyeusi, inayong'aa. Akashusha sindano.

Kinanda kikaanza. Lakini hakikunguruma; kilipiga kelele. Ngoma zikaja mbio kama zinafukuzwa. Na mwimbaji alipofungua kinywa, alikuwa kijana, kijana mwembamba wa sauti kali, anayeimba kama aliyekunywa kahawa nyingi.

"Mashine yako imeharibika," alisema Fundi.

"Hapana. Iko sawa."

"Inakimbia! Punguza. Huyu si yule anayeimba."

"Ndiye yeye, Fundi. Hivi ndivyo ilivyo, hivi ndivyo…" Meneja alimgeukia Fundi na macho yamemtoka. "Kwenu mwimbaji ana sauti gani?"

"Ya mzee. Mzee amechoka."

Meneja akaketi. Alikaa kwa uzito mpaka zile springi zilizolala zikalia. "Alikuwa akiniambia hivyo hivyo," alisema. "Kila siku. 'Yule mzee.' Namwambia mama, huyu ni kijana mdogo, nimesoma habari zake. Ananicheka. Anasema masikio yangu yameharibiwa na mashine za kushonea. Pale stoo aliisikia mara moja tu, kwa mbali, mlangoni; mimi nilidhani ni utani wake."

Fundi aliitazama ile mashine nyeusi ikizungusha sahani, haraka na bila kutetereka, na pole pole akaona jambo ambalo hakupenda kuliona. Mkanda. Gramafoni ya mjomba ilipoletwa ilikuwa imekatika mkanda wake wa ndani, na marehemu alimwomba aitengeneze. Dukani mikanda ile haikuwepo. Akakata kipande cha mpira wa kochi, ule mkanda mpana unaofungwa chini ya sponji, akaupasua mwembamba, akaushona kwa uzi wa ngozi. Sahani ikazunguka, mkewe akapiga makofi, naye akarudi kazini kifua mbele. Ilizunguka, ndiyo. Ilizunguka kwa kujivuta, ikivuta na kila kilichomo, ikamzeesha mwimbaji, ikafanya kinanda kiwe radi ya mbali. Nani angejua? Nyumbani hapakuwa na nyingine ya kulinganisha, na kwaya za mjomba hakuna aliyezigusa.

"Mkanda niliufunga mimi," alisema. "Kwa mpira wa kochi."

Meneja alianza kucheka. Alicheka bila kejeli, lakini kicheko kilimzidi nguvu mpaka akavua miwani. Fundi damu ilimchemka.

"Cheka. Amemharibia mkewe muziki, fundi gani huyu. Cheka tu."

"Sikucheki wewe," alisema Meneja, akifuta macho, na macho yenyewe yalikuwa hayacheki tena. "Najicheka mimi. Miaka yote nimekaa na yule mama nikidhani nimepata mtu mmoja, mmoja tu katika mji huu, anayesikia ninachokisikia. Kumbe alikuwa anasikia kitu kingine kabisa. Chenu ninyi. Mimi hata sikijui."

Kijana wa kwenye sahani aliendelea kuimba kwa haraka zake. Upande ulipokwisha Meneja akaigeuza sahani, na ilipofika ile sehemu ya upande wa pili, ile filimbi, Fundi alitega sikio kwa woga. Ikapita. Ilikuwa filimbi tu, ndege aliyepita dirishani. Hata kitambaa cha kochi hakukishika.

Basi moyoni mwake ushindi ukapanda, ushindi mkali na mbaya kama mwanga wa kuchomelea vyuma. Kile kitu kizuri hakikuwa cha Meneja. Hakikuwa hata cha hao waliokitunga. Kilitoka karakanani, kwa mpira na uzi.

"Naomba kitu kimoja," alisema Meneja. "Nije kwako niisikie ilivyokuwa."

"Kwangu hakuna nafasi."

"Fundi, wewe ni mtengeneza makochi."

"Ndiyo. Yote ni ya watu."

Akasimama, akaaga upande wa jikoni, akafika mlangoni. Alikuwa ameshashika kitasa. Angekwenda zake hivyo, ameshinda, na kwa miaka iliyobaki angekuwa mshindi. Lakini neno moja lilimrudisha, neno alilolisema yule mzee bila kujua amesema nini. *Ananicheka.*

"Alikuwa anacheka?" aliuliza, bado anautazama mlango.

"Nani, mama? Sana. Alikuwa na maneno yule."

Nyumbani miaka ya mwisho hakuwa na maneno. Alikuwa na "chakula kiko tayari" na "funga dirisha" na "mume wangu, nyundo." Fundi alidhani maneno yameisha kwa sababu ya kifua. Kumbe yaliishia kwenye meza ya stoo.

"Maneno gani?"

"Mengi, Fundi. Nitayakumbukaje kwa kusimama hivi?"

Fundi akageuka. Ilimgharimu kusema, na uso wake ulionyesha. "Jumamosi alasiri," alisema. "Uje nayo. Wewe utasikia, lakini na mimi nisikie. Kila alichokwambia. Usichague."

Jumamosi Meneja alikuja na magoti yake na santuri yake. Shemeji, aliyekuwa amepita kwa umbea mtupu, alifukuzwa akaondoka akisema, "Haya, wake wenza, msipigane." Fundi hakucheka.

Kigoda alikuwa amekiondoa mapema, amekiweka chumbani na kufunga. Akamkaribisha mgeni kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halijavikwa sponji, springi tupu zimefunikwa gunia. Meneja alikaa, akatafuta mkao, akaukosa, akavumilia. Mtu wa cheo hajui kukaa juu ya springi. Fundi alimwacha hivyo hivyo, na hakujutia.

Akaiweka Kobe. Kinanda kikanguruma, taratibu, kama kinaamka. Meneja akafungua mdomo. Mzee alipoanza kuimba, yule Meneja alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," alisema. "Ni wimbo mwingine."

Fundi aliketi na kumtazama. Alitaka kuona kama na yeye uso utalegea. Ukalegea. Akatamani kuisimamisha sahani pale pale, kumnyang'anya, kumwambia inatosha, rudi kwenye kijana wako. Badala yake akasema, "Anza."

"Ah. Basi." Meneja alifumba macho. "Alikuwa anapiga kinanda mezani. Kwa vidole, hivi. Aliniambia angekuwa amezaliwa mahali pengine angejifunza kinanda. Akaniambia vidole vyake ni virefu vya bure."

Vidole vile Fundi alivijua kuliko mtu yeyote, na hakuwahi kuambiwa vilitaka nini.

"Endelea."

"Alikuwa na hasira na wimbo wa kwanza kwamba unakwisha vibaya. Alisema ni kama mgeni anayeaga mlangoni halafu haondoki." Meneja akatabasamu. "Na ile sehemu… ile ya filimbi. Aliniambia hulia hapo akiisikiliza nyumbani, nikamwuliza siku moja kwa nini."

Fundi alisimama. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti, akaipandisha, muziki ukajaa karakana mpaka misumari ikatetema kwenye kopo. Hakutaka. Alikuwa ameomba yote na sasa hili hakulitaka, si kwa mdomo ule. Lakini Meneja alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa maisha yake yote juu ya kelele za cherehani, na hakufanya lolote ila kupaza sauti.

"Alisema ni kama mama yake alipokuwa anamsuka!" alipaza. "Utotoni! Anamvuta nywele, inauma, machozi yanamtoka, naye hataki mama amalize!"

Fundi akashusha sauti.

*Siwezi kukueleza*, ndivyo alivyomwambia. Alifikiri sana, kwa haki kabisa alifikiri, akasema hawezi. Na hakusema uongo. Pengine siku ile hakuweza. Pengine aliweza baadaye, siku nyingine yoyote, na mumewe hakuwa ameuliza tena. Aliuliza mara moja akanuna maisha yote. Mwingine aliuliza akiwa na mkate mkononi, akajibiwa.

Lilimchoma neno lile, na bado lilikuwa neno lake, jipya, halijawahi kusikika katika nyumba hii. Alimwona: mtoto mdogo, kichwa kimeinama, shingo imekazwa. Mkewe kabla hajawa mkewe. Hakuwahi kuwa naye huyo. Sasa alikuwa naye, kwa hisani ya Meneja, na hakuwa na namna ya kumpata bila Meneja.

Wimbo wa kwanza ulikuwa unaelekea mwisho wake mbaya, unaaga na kurudi, unaaga na kurudi. Meneja alianza kujikusanya juu ya springi zake, akipapasa mahali pa kushika ili asimame.

"Basi, Fundi, nisikuchoshe. Nimesikia. Ahsante."

"Umeyamaliza?"

"Maneno? Hapana, wapi. Ila magoti haya…"

"Kaa," alisema Fundi.

Akamvutia kochi la mteja, lile jipya, lenye sponji na kitambaa cha watu, akampangusia mahali. Meneja alisita, kisha akahamia, akaachia pumzi. Sindano ilikuwa imefika kwenye mzingo wa mwisho inakwaruza. Fundi aliinyanyua, akaigeuza sahani upande wa pili taratibu asije akaikwaruza. Wala si muziki alioutaka. Alitaka yule mtu asiondoke.

"Endelea," alisema, akaketi sakafuni karibu na miguu yake.